Mficheni Nyasi Zenu

Kariakoo, Dar es Salaam
3 Septemba 1974

Mke wangu Zamda,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanetu Mwanahawa. Mwalimu Tobias akikusomea, mwambie asome polepole, maana leo nina habari ya kufurahisha.

Mchapishaji mmoja hapa mjini alisikia mashairi yangu redioni, akanitafuta mpaka kiwandani. Anataka kunitolea kitabu. Si kijitabu cha kurasa kumi. Ni kitabu kamili, na jina langu litakuwa juu yake: Shomari bin Mfaume wa Ng'ambo, Tabora. Anataka mashairi mia moja, ya mapenzi matupu, yamfikie kabla mwaka haujaisha.

Yote yamo katika lile kasha la bati, chini ya kitanda katika nyumba ya shamba. Ni kazi yangu ya miaka kumi na miwili na sina nakala nyingine. Kichwani nimebaki na vipande tu. Mtafute ndugu anayesafiri kwa gari moshi umpe aniletee kama lilivyo. Usilifungue. Karatasi nyingine zimechakaa, zitapukutika.

Watu watauliza nilimtungia nani. Nitawaambia nina mke Goweko. Wewe mwenyewe unajua.

Nibusie mtoto.

Mumeo,
Shomari

*

Kijiji kipya, Goweko
22 Septemba 1974

Baba Mwanahawa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Mwalimu Tobias alihamishwa tangu Machi. Mimi niliingia darasa la kisomo cha watu wazima mwezi wa kwanza, na sasa naandika kwa mkono wangu. Samahani kwa mistari inayopanda mlima.

Hukupata habari kwamba tumehamishwa. Tarehe kumi na tisa Agosti mgambo walifika asubuhi katika mashamba yote ya upande wetu, wakasema kila mtu atoe vyombo vyake, lori linasubiri. Tuliomba wiki moja tumalize kuvuna karanga. Hawakutupa. Watu walipotoka, mapaa yakatiwa moto ili mtu asirudi. Nyumba yako imeungua yote.

Mashairi yako yameungua. Haikubaki hata karatasi moja.

Hapa tuna kiwanja chetu na kibanda cha miti. Tunafyatua matofali ya shule, kila nyumba na zamu yake. Mwanahawa hajambo, meno ya mbele yameota.

Zamda

*

Kariakoo
1 Oktoba 1974

Zamda,

Barua yako nimeipata. Sitaki habari za matofali. Nasikia kwa watu wa kwetu walioko huku kwamba katibu wa kijiji hicho ni Hilari Lugembe. Nijibu mambo matatu tu. Siku hiyo alikuwepo? Aliingia nyumbani kwangu? Alijua ndani ya kasha mna nini?

Shomari

*

Goweko
12 Oktoba 1974

Baba Mwanahawa, shikamoo.

Umeuliza matatu. Alikuwepo. Aliingia. Alijua, kwa sababu nilimwambia kwa sauti na watu wote wakasikia, kwamba kasha lina vitabu vya mume wangu.

Zaidi ya hayo hukuniuliza.

Zamda

*

Kariakoo
25 Oktoba 1974

Dada Mwanne, shikamoo.

Wewe ndiye mkubwa wangu na ndiye uliyenilea baada ya mama, kwa hiyo sitakuficha kitu.

Hilari Lugembe amechoma mashairi yangu. Aliambiwa wazi ni vitabu, na bado aliyaacha yakaungua. Mchapishaji nimemweleza, akanionea huruma, akampa nafasi mtu mwingine.

Wengine watasema ni bahati mbaya ya zoezi la kuhama. Mimi najua si hivyo. Unakumbuka mwaka ule wa Uhuru nilipokuwa nashona kwenye baraza ya duka pale Kigwa. Palikuwa na binti wa katekista, Benedikta, anasomea ualimu. Nilimpenda, dada, nikashindwa kusema, kwa dini yake na kwa ukimya wangu. Lugembe hakushindwa. Alikuwa karani wa ghala, ana baiskeli na maneno mengi. Wakafunga ndoa mwaka uliofuata, na suruali aliyovaa siku hiyo niliishona mimi, alinipa makusudi. Alijua. Alisimama nikimpima kiuno akinitazama kwa juu, anatabasamu. Mtu wa namna ile akilikuta kasha langu mkononi mwake na moto uko karibu, unadhani atafanya nini?

Serikali siwezi kuishtaki, na mahakamani karatasi za mshairi si mali. Lakini kalamu ninayo. Nimetunga jipya, beti tisa. Ubeti wa kwanza huu:

*Katibu kapewa cheo, kasahau akotoka,*
*Kashika moto wa leo, wa kesho hatakumbuka,*
*Kwa jina maendeleo, jivu tupu kaliweka,*
*Lugembe na kiberiti, mficheni nyasi zenu.*

Zilizobaki nimeziambatanisha. Wape wanawake wa ngoma yako walitie sauti. Liimbwe harusini. Liimbwe Ng'ambo kwanza, wachuuzi wa stesheni watalichukua wenyewe mpaka Kigwa na Goweko. Nataka kila anapopita alisikie. Nataka mkewe alisikie akiwa jikoni. Nataka alale nalo na aamke nalo, na siku atakapokufa liwe ndilo watu wanalokumbuka juu yake.

Mdogo wako,
Shomari

*

Ng'ambo, Tabora
15 Januari 1975

Mdogo wangu Shomari, marahaba.

Sisi wazima. Barua imechelewa kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na la kusema.

Tulilitia sauti siku tatu tu. Tuliliimba kwanza harusi ya mtoto wa Mwanajuma, muuza vitenge, na lilipofika "mficheni nyasi zenu" wanawake wote walijishika mbavu. Wiki ya pili nikalisikia sokoni kwa mtu nisiyemjua. Mwezi haukwisha, abiria wa gari moshi wananiambia Goweko wanaliimba kisimani, shambani, kila mahali. Si kwa ajili yako tu. Kule kila nyumba ilipoteza kitu siku ile, huyu mbuzi, huyu mahindi ghalani, na hakuna aliyejua amlaumu nani. Wewe umewapa jina.

Watoto ndio wabaya. Lugembe akipita wanang'oa nyasi kiganja kimoja, wanazificha mgongoni, wanasimama kimya. Atamkamata nani kwa kosa la kushika nyasi? Alipoitisha mkutano mwezi wa kumi na mbili, alikuta watu wazima nao wamekuja na nyasi mfukoni. Alianza kusema, akakaa.

Basi habari zikafika wilayani. Wakaja watu wawili kuuliza kama ni kweli katibu alichoma mali za watu kwa chuki. Walimwita na mkeo. Wakamuuliza, "Kasha la mumeo lilikuwaje?" Akajibu, "Liliungua." Lugembe alikuwa ameketi palepale, wanasema alimtazama muda mrefu, naye hakujitetea. Ameondolewa kazini tangu Jumatatu.

Umemlipa, mdogo wangu. Mimi nimefurahi, sitadanganya.

Jambo moja tu. Nilipokwenda kumtazama Mwanahawa tuliimba mle kibandani na majirani. Zamda hakucheka. Nilidhani anaumwa.

Dada yako,
Mwanne

*

Goweko
20 Februari 1975

Ndugu Shomari Mfaume,

Salamu. Utashangaa kupata barua yangu. Anwani nimeipata kwa mtu mmoja wa kiwandani kwenu.

Sikuandikii kukuomba kitu. Kazi imekwisha, na mke wangu amenyang'anywa darasa la kisomo alilokuwa akifundisha, wanafunzi wake walikuwa wanakuja na nyasi ndani ya madaftari. Mtoto wetu Elieza amekataa shule. Nayasema haya ujue shairi lako limefika. Ni shairi zuri. Nimejaribu kulichukia kwa maneno yake nikashindwa, vina vimekaa.

Zoezi la kuhama nililisimamia, hilo silikatai. Niliambiwa watu wahame kabla ya mvua, nikatii, na kama ningeambiwa tena leo sijui ningefanya nini. Kwa hilo mtu yeyote wa Goweko ana haki ya kunisema.

Lakini kasha lako sikulichoma. Mgambo walikuwa wamekwisha kutia moto paa lako nilipomsikia mkeo akilia kwamba vitabu vya mume wake vimo ndani. Nilijua ni vitabu gani, kila mtu anakusikia redioni. Niliingia. Nilishika mpini wa chuma wa lile kasha, ulikuwa umeshapata moto, nikalivuta mpaka nje nikamkabidhi mkononi mwake. Kiganja changu cha kulia hakikunjiki mpaka leo.

Walipomuuliza mbele yangu akasema liliungua, nilidhani nimesikia vibaya. Kisha nikaona afadhali ninyamaze. Ningesema, ningekuwa nimemwita mwongo mke wa mtu, tena mwanamke aliyevunjiwa nyumba na mimi.

Kuhusu ile suruali ya harusi, unayoitaja katika ubeti wa sita: nilikupa wewe kwa sababu Kigwa nzima hapakuwa na fundi mwingine. Kama kuna jambo jingine lililokuudhi siku ile, sikulijua wakati ule na sasa sitaki kulijua.

Hilari Lugembe

*

Kariakoo
3 Machi 1975

Zamda,

Lugembe ameniandikia uongo. Anasema alikukabidhi kasha zima. Niandikie kwamba si kweli, nimrudishie barua yake pamoja na yako ndani ya bahasha moja, naye ajionee.

Shomari

*

Goweko
18 Machi 1975

Baba Mwanahawa,

Leo sikupi shikamoo.

Ni kweli. Alinikabidhi mikononi. Ngozi ya kiganja chake ilibaki kwenye mpini, nikaja kuitoa kwa maji.

Nililibeba lile kasha kichwani mpaka hapa, lori lilikuwa limejaa. Niliacha mtungi wa mama yangu, niliacha kitanda, nikabeba kasha. Kufuli lilikuwa limelegea kwa moto. Nilipolitua likafunguka lenyewe. Nawe hukuwahi kunikataza kusoma, kwa sababu ulipoondoka sikujua kusoma.

Nilikuwa nimemaliza kitabu cha kwanza cha kisomo, kile cha shamba na kisima. Kwa hiyo kitabu cha pili nilichosoma maishani mwangu ni chako. Nilisoma siku nne, kidole chini ya kila neno. Juu ya kila ukurasa umeandika, Kwa Benedikta wa Kigwa. Nilisoma jina hilo upesi kuliko maneno mengine yote, maana ndilo jina la mwalimu wangu. Yeye ndiye aliyenishika mkono nikaandika B ya kwanza.

Nilitafuta langu. Nilianza mwanzo nikaenda mpaka mwisho, nikarudi. Nikapata tarehe ya kuzaliwa Mwanahawa. Usiku ule mimi nilikuwa na uchungu chumba cha pili na mkunga ananiambia mumeo anakuombea, kalamu yake naisikia. Ulikuwa unaandika beti kumi na nne za nyusi za mwanamke mwingine.

Zamu yangu ya kuwasha tanuri la matofali ilikuwa Ijumaa. Nilipeleka kasha zima. Niliyaingiza kidogo kidogo chini ya kuni, hayakuwaka upesi, karatasi nyingi zikishikana huwa ngumu. Mama wa jirani akaniuliza nachoma nini. Nikamwambia takataka za shamba.

Nilikusudia kukuambia. Nilikuwa natafuta maneno, wakati huo ndipo ikaja barua yako ya Septemba. Nitawaambia nina mke Goweko. Wewe mwenyewe unajua. Niliisoma mistari hiyo mara nyingi, nikaona huyu mtu atachukua nyusi za Benedikta aziuze kwa jina langu, nami nimshukuru. Basi nikakujibu ulichouliza na si zaidi. Nilijua chuki yako itakwenda wapi. Nilitaka uione siku moja mwenyewe, kwamba ulitia nguvu zako zote katika shairi moja, ukampiga nalo mtu aliyeungua mkono kwa ajili yako.

Sasa umeona. Nilingoja miezi sita.

Lakini sijidanganyi. Siku ya kwanza walipomwimba nilikuwa kisimani. Neno moja langu lingetosha. Walipokuja wale wa wilayani, neno moja lingetosha. Nilisema liliungua kwa kuwa ni kweli, nikamwona Benedikta dirishani na mtoto wake, nikakaa kimya. Kwako sina majuto hata punje. Kwa yule mwanamke ninayo, nami nilikwenda kwake jana nikamweleza kwamba kasha nililichoma mimi. Hakuniuliza kwa nini, nami sikumwambia. Mumewe alinifungulia mlango kwa mkono wa kushoto.

Nataka talaka yangu. Iandike vizuri, nitaisoma.

Zamda

*

Kariakoo
9 Aprili 1975

Dada Mwanne, shikamoo.

Barua ya Zamda iko ndani ya hii. Isome, kisha nisaidie, sina wa kumtuma.

Siku tatu za kwanza nilitaka kupanda gari moshi nije nimuue. Nakuambia ukweli. Nilifika mpaka dirisha la tiketi. Kisha nikawa nakumbuka kiganja cha Lugembe, nikarudi nyumbani. Nimejaribu kumchukia mke wangu kama nilivyomchukia yule bwana, lakini kila nikianza ubeti nasikia sauti ile ya mkunga. Sikuwa namwombea.

Talaka yake nimeiandika, hii hapa. Barua ya kwenda kwa Lugembe pia, nimemwomba radhi kwa kadiri nilivyoweza. Na nimetunga shairi jingine, la kumsafisha. Linaanza:

*Lugembe hana hatia, ulimi wangu mkosa.*

Ni beti kumi na nne, nimelifanyia kazi kuliko lile la kwanza. Walitie sauti ileile ili watu walishike upesi. Liimbwe kote lilikoimbwa lile.

Mdogo wako,
Shomari

*

Ng'ambo, Tabora
11 Juni 1975

Mdogo wangu Shomari, marahaba.

Nimefanya yote uliyonituma, na sasa ukae usome.

Zamda nilimkuta anaanika mpunga. Talaka aliisoma mara mbili amesimama, akasema umekosea kuandika jina la baba yake, umeandika Saidi Ngolo na ni Ngollo. Akachukua kalamu akarekebisha, akaikunja, akanikaribisha chakula. Nilikwenda nikiwa nimejitayarisha kumtukana. Nilikula, nikaosha sahani. Mtoto atabaki kwake mpaka umri wa kuamua, na mimi nimekubali kwa niaba yako, ukasirike ukitaka.

Lugembe na mkewe sikuwakuta Goweko. Walikwisha kuondoka, wanahamia Igunga kwa kaka za Lugembe, kupitia Nzega. Nikawapata hapa Tabora, stendi ya basi, wanasubiri la Nzega, wamekalia vyombo vyao. Barua yako nilimpa. Aliisoma taratibu, kwa kuwa aliikunjua kwa mkono mmoja, akaitia mfukoni. Nikamuuliza nikuambie nini. Akasema, "Mwambie nimesoma." Nikangoja. Akasema, "Basi, mama. Ni hilo."

Mkewe alinifuata pembeni. Ni mwanamke mnyenyekevu, amekonda, nyusi zake sikuona cha ajabu. Akaniuliza, "Dada, yale mashairi yaliyochomwa yalikuwa ya nini hasa? Zamda hakuniambia." Nilimtazama, nikamtazama mtoto wake. Nikamwambia yalikuwa ya kilimo. Akasema pole sana, kazi ya miaka mingi. Basi likaja, wakapanda. Hilo ndilo lote Benedikta atakalojua juu yako, na nakuomba usilibadilishe.

Sasa shairi. Tulilitia sauti ileile kama ulivyotaka. Tumeliimba harusi mbili hapa, na Goweko nililiimba mwenyewe kisimani, nimesimama, sauti yangu yote. Walinisikiliza kwa adabu. Wakasema ni zuri. Wakasema maskini Lugembe, kumbe. Palikuwa na msichana mmoja, bibi harusi mgeni kutoka Uyui, yeye hajui habari hizi. Akauliza, kwani alisemwa nini huyo mtu mpaka asafishwe? Wenziwe wakatazamana. Mmoja akaanza, taratibu tu, kumweleza. Mpaka ubeti wa pili walikuwa wanaimba wote, ndoo chini, na yule msichana ndiye aliyekuwa wa kwanza kung'oa nyasi.

Usinitumie jingine, Shomari. Kila nikilifuta, kuna mtu anauliza lile la kwanza lilikuwaje.

Dada yako,
Mwanne